Gesi Inayobebeka kwa Debe

"Mwanangu, hilo bomba likishaanza kazi, na sisi huku tutapikia gesi?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa Sojo, wilayani Nzega, jirani na kiwanda ambako mabomba ya mradi wa mafuta ghafi wa Hoima hadi Tanga yalikuwa yakivishwa utando wa kutunza joto. Nikamwambia hapana, Mzee. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. Bomba la kilometa 1,443 lipite mlangoni kwake, halafu hata jiko moja lisiwake? Tangu siku hiyo, kila ninapopangiwa kutoa elimu mkoani Tabora naanza na swali lake. Ndani yake kuna vitu vitatu vilivyochanganywa, na visipotenganishwa, habari ya kugeuza gesi kuwa dizeli haitaeleweka.

Cha kwanza ni mafuta ghafi ya Uganda. Haya ni mafuta mazito yenye nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo sababu bomba lake linavishwa koti na kupashwa moto njia nzima. Cha pili ni gesi ya mtungi, yaani propani na butani. Hii ukiikandamiza kidogo tu inageuka kimiminika, na ndiyo hicho unachokisikia kikicheza ukitikisa mtungi. Cha tatu ni gesi asilia ya kwetu, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay iliyofuata mwaka 1982. Hii karibu yote ni methani, na methani ni mkaidi. Katika joto letu la kawaida uikandamize utakavyo, haiwi kimiminika. Kuigeuza kimiminika bila mgandamizo kunataka baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri.

Ukaidi huo ndio gharama yenyewe. Chukua debe la lita 20 la dizeli. Nguvu iliyomo humo, ukitaka uipate kwenye gesi asilia ambayo haijakandamizwa, utahitaji madebe kama elfu moja ya gesi. Gari gani litayabeba? Ndiyo maana gesi hupenda bomba, na bomba letu kubwa, lile la Mtwara hadi Dar es Salaam linalotumika tangu mwaka 2015, linaishia huko huko pwani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni kama kilometa 1,250, Tabora ikiwa njiani. Kuchimbia bomba umbali huo kwa ajili ya wateja waliotawanyika ni hesabu ambayo wahandisi huiacha mezani.

Wazo la kugeuza gesi kuwa mafuta linaanzia hapo. Kama mwili wa gesi haubebeki, ubadilishe mwili. Ifanye iwe dizeli, halafu ipande behewa lilelile la tangi na lori lilelile linalopita Urambo na Kaliua kuelekea Malagarasi.

Mwaka 1925, wakati meli ya Liemba imeshaopolewa ziwani lakini bado haijarudi kazini, Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, walikuwa maabara mjini Mülheim wakitafuta namna ya kupata mafuta bila kuchimba kisima cha mafuta. Ujerumani ilikuwa na makaa ya mawe tele na mafuta kiduchu. Njia waliyoipata ndiyo inayotumika mpaka leo, na bado inaitwa kwa majina yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Ujerumani iliendesha sehemu ya mitambo yake ya vita kwa mafuta ya makaa. Afrika Kusini nayo ikajenga kiwanda chake Sasolburg, kikaanza kutoa mafuta ya makaa mwaka 1955. Kutumia gesi badala ya makaa kulikuja baadaye.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Ya kwanza ni kuivunja gesi, na kabla ya hapo husafishwa salfa, maana salfa ni sumu kwa vichocheo vya mbele, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha. Kidogo tu inatosha kuvinyamazisha. Kisha methani inavunjwa kwa mvuke au kwa oksijeni kwenye moto wa nyuzi 800 na zaidi. Haitoki methani tena, unatoka mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Hiyo kaboni monoksaidi mnaijua hata kama jina ni geni. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, usiku wa baridi ya Juni na Julai. Haina harufu, haina rangi. Kiwandani ni malighafi, ila chumbani kwako ni jeneza. Jiko libaki nje hata kama mkaa umeshapoteza moshi.

Hatua ya pili ndiyo niipendayo. Mchanganyiko ule hupitishwa juu ya chuma au kobalti, madini ambayo nchi inayoongoza duniani kwa kuyachimba ni Kongo, ng'ambo tu ya ziwa ukiwa Kigoma. Juu ya kobalti, kwenye nyuzi 200 hadi 240, kaboni hukamata haidrojeni na kuanza kushikana moja baada ya nyingine, kama binti anayetunga shanga. Kila ushanga unapoingia kuna mambo mawili yanayoweza kutokea: aongeze mwingine, au afunge fundo na kuuacha uzi. Hakuna anayemwamuru; mhandisi anachoweza ni kupanga joto, mgandamizo na kichocheo ili binti apende kuongeza kuliko kufunga.

Ushanga mmoja ni methani ileile tuliyoanza nayo, yaani hasara tupu. Shanga tatu na nne ni propani na butani, gesi ya mtungi. Kwa hiyo ule uchu wa mzee wa Sojo haukuwa wa bure kabisa. Kiasi fulani cha gesi yake ya kupikia kinazaliwa humo. Kuanzia tano hadi tisa hivi ni jamii ya petroli. Kuanzia kumi hadi ishirini hivi ni mafuta ya taa na dizeli. Ukipita hapo ni nta.

Naposema nta, watu wa Tabora hawahitaji maelezo. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa Sikonge akichuja masega kwenye sufuria, nta ikielea juu ya maji ya moto, ya njano, imejaa mabawa ya nyuki. Nilikuwa na kipande cha nta ya kiwandani mkobani, cheupe kama mshumaa, kimetengenezwa kwa njia hii. Akakinusa. "Hii haina ua," akasema. Ni kweli, haikupita kwenye ua lolote. Akaikwaruza kwa ukucha, akaniambia ni ngumu kuliko yake, kisha akauliza inauzwaje kilo. Sikuwa na jibu.

Viwanda vingi vya aina hii hutengeneza nta nyingi kwa makusudi. Ajabu kidogo, maana mteja anataka dizeli. Sababu ni kwamba ukijaribu kumsimamisha mtunga shanga katikati, utapata pia nyuzi fupi nyingi zisizo na faida. Ukimwacha arefushe, hatua ya tatu itakata nta ile kwa haidrojeni na kichocheo vipande vya urefu unaoutaka. Kukata uzi mrefu ni rahisi kuliko kuunga mifupi.

Kuna jambo moja ambalo huwa linashangaza hata wanafunzi wa kemia. Kiwanda hiki kwa uzito hutoa maji mengi kuliko mafuta. Kila gramu 14 za mafuta huambatana na gramu 18 za maji. Na hutoa joto jingi mno. Lisipoondolewa haraka kwa mabomba ya maji, kichocheo hupandwa na wazimu na kuanza kutengeneza methani, yaani umezunguka mlima ukarudi nyumbani.

Sasa, usafi wake. Dizeli hii haina salfa ya kutaja, kwa sababu iliondolewa mwanzoni kabisa. Nchi za Afrika Mashariki zilishashusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hii ya gesi iko chini ya hapo kwa mbali. Haina pia zile kemikali za pete, yaani kaboni zilizojifunga mduara, zinazozaa masizi. Na huwaka upesi ndani ya silinda: kipimo cha setani, kinachoonyesha wepesi wa dizeli kuwaka, ni kama 50 kwa dizeli ya kawaida, hii hupita 70. Injini inanguruma kwa ulaini na moshi mweusi unapungua.

Lakini neno "safi" lisitudanganye. Likisemwa juu ya mafuta haya lina maana ya masizi na salfa. Kaboni dayoksaidi iko palepale kwenye ekzosi, na ukijumlisha ile inayotoka kiwandani, hesabu nzima haizishindi petroli na dizeli za kisimani. Mara nyingi inazizidi kidogo. Anayekuuzia habari kwamba haya ni mafuta ya kuponya tabianchi, muulize joto lote lile la kuvunja methani lilitoka wapi.

Hesabu ya nguvu inasema hivyohivyo. Pipa moja la mafuta, lita 159, hula karibu futi za ujazo 10,000 za gesi, yaani mita za ujazo 283. Gesi hiyo ingeunguzwa yenyewe ingetoa nguvu ya lita kama 280 za dizeli. Umeingia na 280, umetoka na 159. Hizo nyingine zimegeuka joto njiani. Anayelipa gharama hiyo lazima awe na sababu nzito.

Wenye sababu wapo. Qatar ina gesi ya kumwaga, na kiwanda chake cha Pearl, kilichoanza kusafirisha mafuta mwaka 2011, kina uwezo wa mapipa 140,000 kwa siku. Kiliwagharimu wajenzi dola zaidi ya bilioni 18. Nigeria ina mtambo wa Escravos, uliokamilika mwaka 2014, unaotumia gesi inayotoka pamoja na mafuta na ambayo zamani ingechomwa hewani. Hapo nakubali bila ubishi: gesi inayoteketezwa bure, hata ukipata nusu yake ni faida.

Wapo pia waliopata funzo. Afrika Kusini ilifungua kiwanda cha gesi Mossel Bay mwaka 1992, visima vikaja kukauka na kiwanda kikakosa chakula mwaka 2020. Na Bintulu, Malaysia, mwaka 1997 mtambo wa kutenganisha oksijeni ulilipuka. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye hewa yenyewe: misitu ilikuwa inaungua eneo lile, chembe za moshi zikaingia na hewa iliyovutwa mtamboni, zikajilimbikiza penye oksijeni, zikawaka. Huwa nakisimulia kisa hiki hasa Tabora, ambako Agosti na Septemba anga inakuwa ya kijivu kwa mapori yanayochomwa. Tunadhani moshi wa pori ukipaa umekwisha.

Je, Tabora na Kigoma zinaweza kutarajia nini? Maoni yangu, na ninaposema yangu simaanishi ya serikali: msitarajie bei kushuka kwa sababu ya teknolojia hii. Bei elekezi za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji nchini, zinazotangazwa kila mwezi hutofautiana mji kwa mji, na kinachowapandishia ninyi ni safari. Dizeli ya gesi ikitengenezwa Lindi au Mtwara itasafiri barabara ileile na kulipa nauli ileile. Halafu, gesi asilia imeshafika kwenu, ila hamkuiona kwa kuwa imepita kwenye waya. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi kwa miaka mingi ilitokana na mitambo ya gesi ya Dar es Salaam. Kwa nchi yenye kiu ya umeme, kuiunguza gesi kwenye mtambo mzuri wa umeme mara nyingi kuna tija kuliko kuitungia shanga. Mambo yatabadilika tu kama mitambo midogo, ya kubebeka hadi kwenye kisima kimoja kimoja, itakuwa rahisi kununua.

Njia nyingine ya kugeuza gesi ni kupitia methanoli. New Zealand ilitengeneza petroli hivyo kuanzia miaka ya 1980. Siirefushi, ila methanoli si ya kuchezea: ndiyo inayopofusha na kuua watu ikiingia kwenye pombe ya magendo.

Mwisho kuna la mafundi, kwa sababu nao waliuliza. Dizeli ya gesi inaweza kuendesha injini ya kawaida ya dizeli bila kubadilisha kitu, isipokuwa mambo mawili. Haina utelezi wa kutosha kulainisha pampu, hivyo kiwandani huongezewa dawa. La pili ni oringi, vile viduara vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje. Mpira wa injini kuukuu umevimba kwa miaka kwa sababu ya zile kemikali za pete zilizomo kwenye dizeli ya kawaida. Ukiuletea mafuta yasiyo nazo, unasinyaa na kuvuja. Fundi mmoja wa pampu na nozeli, mtaani Ipuli mjini Tabora, alinisikiliza huku akifungua pampu ya mashine ya kusaga. Akatoa oringi nyeusi iliyovimba kama funza aliyeshiba, akaiweka kiganjani mwangu.

"Kwa hiyo mtaalamu, hayo mafuta yakija, hizi zote zinavuja?"

Nyingi za zamani, ndiyo, fundi.

Akaipokea, akaitupia kwenye kopo la vyuma chakavu. "Basi yaje," akasema.