Taarifa Zako Ziko Mkononi mwa Nani? Faragha na Uhuru wa Kusema kwa Mzanzibari

Maswali yanayofika kwenye meza yetu ya ushauri wa sheria hapa Unguja siku hizi ni ya aina mbili. La kwanza: picha yangu, namba yangu au karatasi yangu ya hospitali imesambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, nifanyeje? La pili: nimetuma ujumbe kwenye grupu na sasa nimeitwa kituoni, kosa langu nini? Anayeuliza la kwanza anataka sheria iwe kali. Anayeuliza la pili anaomba isimbane. Na mtu huyo huyo anaweza kuja na swali moja mwezi huu na jengine mwezi ujao, kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaoligeuza jambo hili kuwa mvutano wa kambi mbili, ya wapenda sheria na ya wapenda uhuru.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 imevihifadhi vyote viwili. Kifungu cha 15 kinalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Kifungu cha 18 kinampa uhuru wa kuwa na maoni, kuyatoa, na kutafuta na kupokea khabari. Uzito unaanza tukishuka kwenye sheria za kila siku, na hapo sisi Wazanzibari tuna fundo ambalo ndugu zetu wa Bara hawanalo.

Fundo lenyewe ni mgawanyo wa mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano kwa Bara na Zanzibar pamoja, na yale ambayo Zanzibar inajisimamia wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa na Bunge 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Inatumika Bara na Zanzibar, lakini kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Wengi hawayasomi maneno hayo, na ndiyo yanayoamua kila kitu. Orodha ya mambo ya Muungano, iliyoanza na mambo 11 mwaka 1964 na leo ina 22, imo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Posta na simu zimo. Benki zimo. Polisi, uhamiaji, elimu ya juu na Baraza la Mitihani vimo. Afya haimo. Skuli za msingi na sekondari hazimo. Ardhi haimo, wala utalii.

Chukua mama mmoja wa Wete na pitia siku yake. Asubuhi anasajili laini mpya: alama zake za vidole na namba ya kitambulisho vinakwenda kwa kampuni ya simu, na Sheria ya 2022 iko naye. Mchana anampeleka mtoto hospitali, na jina la maradhi linaandikwa kwenye daftari. Hapo sheria hiyo inamwacha. Jioni anafika kwa sheha kutaka barua, na sheha anaandika wanaoishi nyumbani kwake, umri wao na wametoka wapi. Hapo pia haimo. Taarifa nyeti zaidi katika siku yake yote ndizo zenye kinga dhaifu zaidi. Hazikosi ulinzi kabisa, maana Katiba ipo na daktari ana miiko ya kazi yake, lakini kwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kikatiba si safari ya kila mtu.

Pale Sheria ya 2022 inapofika, imempa mwananchi nguvu ambayo wachache wanaitumia. Una haki ya kuiuliza kampuni ina taarifa gani zako na inazitumia kwa kazi gani. Una haki ya kutaka makosa yasahihishwe, kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara, na kudai fidia ukiumizwa. Malalamiko yanapelekwa kwa Tume. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, na kwa kampuni faini inaweza kufika bilioni 5.

Kwa upande wa laini, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaifute, kwa sababu tapeli akiitumia, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka namba 15040. Na kwa wakala anayesajili laini chini ya mwavuli, ukitakiwa kuweka kidole mara ya pili na ya tatu, muulize sababu kabla hujakiweka.

Sasa swali la pili. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika na huku kwetu, kinamhusu mtu anayechapisha mtandaoni jambo analolijua kuwa ni la uongo, la kupotosha au lisilo sahihi, tena kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Faini haipungui milioni 5, kifungo hakipungui miaka 3, na vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Mambo mawili lazima yathibitishwe: kwamba ulijua, na kwamba ulikusudia. Aliyepeleka mbele khabari akiamini ni kweli hajatimiza kosa hilo, na ukiitwa kituoni hilo ndilo la kumweleza wakili wako mwanzo.

Hata hivyo neno “lisilo sahihi” ni pana mno. Mtu akitaja idadi ya waliozama kwenye boti, na serikali ikatoa idadi nyengine, nani hakuwa sahihi, na kwa kiasi gani? Sheria yenye adhabu ya jela isiachie suala kama hilo kwa mpelelezi. Sheria hiyo hiyo inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru upekuzi wa vifaa na kutolewa kwa taarifa, bila ya kupitia kwa hakimu. Mimi naliona hilo kuwa kasoro kubwa zaidi kuliko kifungu cha 16, kwa kuwa simu ya leo ina maisha mazima ya mtu: mkewe, madaktari wake, madeni yake.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye blogu ndogo kulipia leseni kwa mamilioni ya shilingi, na ingawa zimebadilishwa baadaye, sauti nyingi zilinyamaza. Na Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Waliokuwa wakipotosha walinyamazishwa pamoja na muuza samaki anayepokea oda zake kwa simu na mgonjwa anayetafuta daktari. Hatua inayomwadhibu kila mtu kwa kosa la wachache haiwezi kupita kwenye kifungu cha 18.

Kwa mambo yasiyo ya Muungano, mwenye mamlaka ya kutunga sheria ni Baraza la Wawakilishi. Sheria ya Zanzibar ya taarifa binafsi inapaswa kusema sheha anaruhusiwa kuandika nini, kwa muda gani, na nani anaweza kulisoma daftari lake. Iseme kama mwalimu mkuu anaweza kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ya ridhaa ya wazee wao. Iseme hoteli ya Nungwi inakaa na nakala ya pasipoti ya mgeni hadi lini. Iseme polisi akitaka kumbukumbu za hospitali aende kwanza kwa hakimu. Na iweke kinga ya wazi kwa mwandishi anayefichua wizi wa mali ya umma, ili mwizi asije kujificha nyuma ya faragha. Kamati za Baraza huwaita wadau kutoa maoni juu ya miswada. Skuli, jumuiya za wazazi na masheha wenyewe ni wadau, na wa Micheweni wana haki ya kusikilizwa sawa na wa Mji Mkongwe.