Marejesho hayajui masika

Kinamama wengi wanaofika kliniki yetu hapa Arusha hawasemi wana huzuni. Wanasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, usingizi unakata saa nane usiku. Malaria wamepima, taifodi wamepima, presha nayo wamepima. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, lakini swali langu la mapema ni la hela: marejesho yako ya mkopo ni siku gani?

Tuseme mama anauza nyanya soko la Kilombero. Amekopa shilingi 300,000 kwenye kikundi, anarejesha 32,000 kila wiki kwa wiki 12, jumla 384,000. Biashara ikichangamka anamudu. Aprili na Mei masika yanashika, watalii wanapungua, vibarua wa hotelini wanasimamishwa, na mji mzima unabana matumizi. Yeye hajawahi kumuuzia mtalii hata nyanya moja, ila mauzo yanaanguka. Rejesho liko palepale. Anakopa kausha damu, mkopo wa riba kali, alipe kikundi, na hapo usingizi ndio unaaga.

Kikundi kilichomchangia alipofiwa ndicho kitakachokuja kubeba godoro, maana wenzake wamemdhamini. Basi anazima simu, anapita njia za nyuma. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hustawi sana mtu akishaanza kujificha. Asubuhi mwili hauinuki, anafika sokoni mzigo mzuri umeisha, deni linanenepa. Ndiyo maana wanaosema “hiyo ni njaa tu, mpeni mtaji” wananikera kidogo: akiwa katika hali hiyo, hata kuupangia mtaji hawezi.

Kupima tunatumia dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 tunachunguza zaidi. Swali la mwisho linagusa kutamani kufa au kujidhuru. Siliruki, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Daktari akimwandikia fluoksetini, dawa ya sonona, namwambia mapema kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, asiache siku ya tano.

Mazungumzo yenyewe nimeiga Zimbabwe, kwenye Friendship Bench ya Dk. Dixon Chibanda, ambako bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi: anataja matatizo yake yote, anachagua moja, anapanga hatua ndogo. Kwetu hatua hiyo mara nyingi ni kumfuata mwenyekiti wa kikundi kabla ya siku ya marejesho, kuomba rejesho ligawanywe. Tunafanya mazoezi ofisini. Mwenyekiti nakuwa mimi, na huwa mkali kweli, maana wa huko mtaani hatamwonea huruma.