Kunyonga baiskeli bonde la Loire: yanayosemwa na yaliyopo

Kila nikisimulia kwamba nimenyonga baiskeli huko Ufaransa kando ya mto Loire, kutoka mji wa Orléans hadi Saumur, nyumbani huniuliza lile lile: "Na ile milima yote?" Kisha shangazi huongeza lake: mtu mwenye nauli ya treni anahangaika na baiskeli kwa nini? Nimeyajibu maswali haya mara nyingi mezani. Leo nayaandika, kwa sababu naipenda njia ile, na najua wapo wanaoiogopa bure na wengine wanaoiendea bila kujua inachotaka.

"Baiskeli Ufaransa ni milima, ni ya wanamichezo."

Picha hiyo imetoka kwenye televisheni. Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka nchi, ilianza mwaka 1903, na tangu ilipopelekwa kwenye milima ya Pyrenees mwaka 1910, watu wanaikumbuka kwa vilele. Lakini hata humo tambarare zina nafasi yake. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani, ya kinara wa pointi, hadi mwisho, na zote tatu alizipata kwa kasi ya mita za mwisho, si kwa kupanda Alps.

Njia ya Loire, ambayo wenyeji wanaiita La Loire à Vélo, ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins penye bahari ya Atlantiki. Orléans uko kiasi cha mita 100 juu ya usawa wa bahari, Tours kiasi cha mita 50, na baina yao kuna zaidi ya kilomita 100. Hesabu mwenyewe: mto unashuka chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Nimekutana humo na watoto wa miaka minane na wastaafu wenye vikapu mbele. Miinuko ipo, hasa kati ya Candes-Saint-Martin na Saumur, njia inapoacha mto na kupanda kwenye mashamba ya mizabibu. Ni mifupi, na kushuka ukasukuma si aibu.

Baiskeli ya mashindano pia si lazima, na tairi nyembamba sana zitakusumbua. Njia ni mchanganyiko: lami, vijia vya changarawe laini, na barabara ndogo za vijijini zenye magari machache. Chukua tairi pana kidogo, keria imara, na pampu yako mwenyewe.

"Ukifuata mto kwenda baharini, unateleza tu."

Hapa ndipo nilipoumia. Kwa mteremko mdogo hivyo, mto haukusukumi. Kinachoamua siku yako ni upepo, na upepo wa kawaida wa bonde lile unatoka magharibi, baharini, yaani unakuja usoni mwako unaposhuka na mto. Mtu wa pwani angepaswa kulijua hili bila kuambiwa. Wazee wetu hawakutweka tanga bila kujua kama ni kaskazi au kusi.

Siku ya pili, baada ya Blois, nilikuwa juu ya tuta, mto upande mmoja na mashamba upande mwingine, hakuna mti wa kukinga. Barabara imenyooka kama rula, nami niko kwenye gia ndogo kabisa kama napanda Uluguru. Nikapishana na mzee mmoja na mkewe wakipandisha mto, wamekaa wima, wanaongea, hata hawahemi. Upepo ule ule ulionikaba mimi ulikuwa unawasukuma wao. Tangu hapo nashauri: angalia utabiri wa upepo kabla ya kuchagua mwelekeo, na ukiona unavuma kwa nguvu kutoka magharibi, panda treni hadi chini kisha urudi kwa baiskeli. Treni nyingi za mikoa hubeba baiskeli, ila kiangazi nafasi hujaa, kwa hiyo uliza mapema.

"Majumba ya Loire yako kando ya Loire."

Baadhi tu ya majumba hayo ya kale ya wafalme na wakuu. Amboise, Blois na Saumur unayaona ukiwa tutani. Lakini Azay-le-Rideau liko kwenye mto Indre, Chinon liko juu ya Vienne, na Chenonceau limejengwa juu ya Cher, tena juu yake kwelikweli: ukumbi wake wa urefu wa mita 60 umelala juu ya daraja, maji yanapita chini ya sakafu. Asiyejua hili hupanga siku moja kwa majumba matatu, kisha anashangaa giza linamkuta njiani.

Chenonceau linastahili nusu siku. Kutoka Amboise ni kama kilomita 15, sehemu kubwa ndani ya msitu. Wengi huingia kuona vyumba vya Diane de Poitiers, kipenzi cha mfalme Henri wa Pili, na vya Catherine de Médicis, mkewe, wakatoka. Mimi ulinishika ule ukumbi. Katika Vita Kuu ya Kwanza uligeuzwa wodi, na majeruhi zaidi ya 2,000 walitibiwa humo, vitanda vimepangwa pande zote mbili chini ya madirisha. Vita ya Pili ilipokuja, mto Cher ukawa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na lile lisilokaliwa. Mlango mkuu wa jumba ukawa upande wa Wajerumani, mlango wa mwisho wa ukumbi ukafungukia ng'ambo. Kuna watu waliookoka kwa kutembea mita zile 60. Nilizitembea polepole, na sakafu ile ya vigae vyeusi na vyeupe ikaacha kuwa pambo machoni mwangu.

"Jumba la Chambord lilichorwa na Leonardo da Vinci."

Utalisikia hili likisemwa kama jambo lililothibitishwa. Leonardo aliletwa Amboise na mfalme François wa Kwanza mwaka 1516, akafia huko Mei 2, 1519. Ujenzi wa Chambord ulianza Septemba ya mwaka huo huo. Huenda fikra zake ziliingia kwenye ile ngazi ya ajabu yenye mizunguko miwili, ambapo anayepanda na anayeshuka wanaonana kupitia matundu bila kukutana, lakini hakuna hati inayomtaja kuwa ndiye aliyeichora. Wala Chambord si ngome ya vita. Ni nyumba ya kuwinda, na mfalme aliyeijenga alilala humo wiki chache tu katika utawala wote wa miaka 32. Ukuta wa hifadhi yake una kilomita 32. Ukiupita kwa baiskeli langoni, bado una mwendo mzuri wa msituni kabla jumba halijatokeza.

"Mto ule ni mpole, maji ni ya magotini."

Tafadhali, hili lishike kuliko yote. Kiangazi Loire huonekana mchanga mtupu na maji kidogo, na joto linakuita uoge. Chini kuna mikondo, mashimo na mchanga unaodidimia. Watu hufa, na sehemu nyingi kuogelea kumepigwa marufuku. Wanauita mto wa mwisho wa porini barani Ulaya, lakini binadamu amekuwa akipambana nao tangu zama za kati. Lile tuta unalonyongea limejengwa kuzuia mafuriko. Mwaka 1856 maji yalilivunja sehemu nyingi, na katika miji ya kingo utaona alama za mafuriko zimechongwa ukutani, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima.

Sheria na chakula nayapitia haraka. Kofia ngumu inalazimishwa kwa walio chini ya miaka 12 tu, lakini vaa. Visikizi masikioni ni marufuku, na kikomo cha pombe cha dereva kinamhusu pia mwenye baiskeli. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa kukuachia mita moja na nusu. Usitegemee duka la kijijini mchana: wengi hufunga saa sita, na Jumapili jioni hupati kitu. Maji utayapata kwenye bomba la makaburini, ila soma kwanza kibao. Kikiandikwa "non potable" usinywe. Kwa asiyekula nguruwe: rillettes za Tours, nyama laini ya kupaka kwenye mkate, ni nguruwe. Chukua jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, yenye umbo la kigogo na majivu juu, iliyopitishwa bua katikati. Lichomoe bua hilo ulitazame karibu. Limechongwa alama ya aliyeitengeneza.

"Historia ya kule ni ya wafalme wa Kizungu tu."

Nilidhani hivyo hadi Amboise. Ngomeni kuna foleni ya kuingia kanisa dogo la Mtakatifu Hubert, penye mifupa inayoaminika kuwa ya Leonardo. Hatua chache zaidi, bustanini, hapakuwa na mtu. Kuna makaburi 25 ya Waislamu.

Ni watu wa Amiri Abdelkader, aliyewaongoza Waaljeria kupigana na uvamizi wa Ufaransa. Alijisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi kwamba angepelekwa Alexandria au Akka. Ahadi ikavunjwa. Kuanzia 1848 hadi 1852 alizuiliwa katika jumba hili la Amboise, yeye na familia yake na wafuasi wake, kwenye baridi ya mto wasioizoea, na wengine wao hawakutoka. Yeye aliachiwa Oktoba 1852, na mwaka 1860 huko Damasko aliwakinga Wakristo kwa maelfu wasiuawe.

Mawe ya kumbukumbu yaliwekwa mwaka 2005 na msanii Rachid Koraïchi. Niliwasomea Fatiha nikiwa bado na vumbi la njiani miguuni. Ukifika, wengi watakuelekeza kanisani. Wewe pandisha bustani hadi juu, uliza Jardin d'Orient, yaani Bustani ya Mashariki.