Land Rover ya Jeshi: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyo Chini ya Gari

Ukitangaza kwamba unatafuta Land Rover kuukuu iliyotoka jeshini, hutakosa washauri. Kila kijiwe kina mtaalamu wake. Hapa nazungumzia zile za jeshi la Uingereza za Series IIA na III, zilizotangulia Defender, maana ndizo zilizosingiziwa mengi.

"Bodi ni alumini, haishiki kutu." Maneno haya ni nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta kati ya injini na dereva ni chuma, na fremu za milango vilevile. Tena alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huanza kulika na kutoa unga mweupe.

Kwa hiyo achana na bodi kwanza, ulale chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga boriti ya nyuma inayovuta trela, kisha mahali springi zinaposhikiwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Tazama na rangi. Jeshini rangi ilipakwa mara nyingi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka vichwa vya bolti vinapoteza kona. Hiyo ni ya kawaida. Ila rangi mbichi kwenye chesisi ya gari la miaka 50, muulize muuzaji imefunika nini.

"Gari la jeshi halifi." Linakufa kama mengine. Jeshi lilichagua gari linalotengenezeka haraka, kisha likalipa mafundi, spea na ratiba ya matunzo. Wewe mnadani unapata gari tu. Mafundi wamebaki kambini. Hata lile lililokaa ghalani bila kutumika lina yake: mipira ya breki imekauka, tangi lina kutu ndani. Nafuu ni kwamba karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, na injini ya petroli ya lita 2.25 ndiyo ile ile ya magari ya kiraia. Spea zake zinatengenezwa mpya hadi leo, pamoja na chesisi nzima iliyochovywa zinki. Adimu ni vile vya kijeshi hasa.

Mfano ni umeme. Wapo wanaoamini kwamba volti 24 ni nguvu zaidi ya injini. Sivyo. Magari ya kubebea redio ndiyo yaliyofungwa volti 24, kwa ajili ya mitambo ya mawasiliano, na plagi na nyaya zake zilifunikwa kwa chuma zisiiingilie redio. Distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ya aina hiyo ni ghali. Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua volti 12 za redio ya muziki kwenye betri moja kati ya zile mbili: moja inapungua, nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa kabla ya wakati. Nunua kipunguza volti, au tafuta tangu mwanzo gari la volti 12.

"Lightweight ni nyepesi." Jina tu. Modeli hiyo ya Land Rover ya jeshi, iliyotengenezwa kuanzia 1968 hadi 1984, iliundwa ili ivuliwe milango, boneti na vipande vingine, helikopta ipate kuinyanyua. Ukiirudishia vyote inakuwa nzito kuliko Land Rover fupi ya kawaida.

"Weka fo-wili muda wote, utakuwa salama." Kwenye lami, hapana. Series haina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti, na kwenye kona magurudumu ya mbele hukimbia mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami haziwezi, basi mkazo unalimbikizana hadi shafti inakatika. Kifundo cha njano kinachoingiza fo-wili ukibonyeze chini unapoingia mchangani au matopeni, kisha ukumbuke kuitoa fo-wili.

Kuhusu kuagiza, Mkenya asidhani kwamba ukongwe unafungua mlango wa bandari: sheria ya kawaida inazuia gari lililozidi miaka 8. Litafute lililokwisha kuwa nchini, na kwa spea pitia Kirinyaga Road, Nairobi. Mtanzania ana mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na ana Arusha, ambako tamasha la Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya Land Rover.

Ukishalipata, mimi ningeacha mikwaruzo yake na nisingelipachika madebe ya bandia. Na usilikimbize. Linapendeza kwenye kilomita 70 kwa saa, nalo litakunywa lita moja kila kilomita 5 hadi 7.