Kwa nini simu ya mafao ya waliopoteza kazi Marekani haipokelewi?

Saa mbili kamili asubuhi unapiga. Sauti ya kurekodiwa inakukaribisha, inakuambia ubonyeze moja kwa Kiingereza, mbili kwa Kihispania, kisha inataka namba yako ya Hifadhi ya Jamii (Social Security). Unaiingiza. Baada ya maelezo marefu, sauti ileile inasema wapigaji ni wengi mno, jaribu baadaye, na simu inakata. Hata foleni hukuwekwa. Wengi wa ndugu zetu walioachishwa kazi kwenye maghala na viwanda vya nyama kule Marekani wameyapitia haya, na rahisi kuamini kwamba ni dharau. Mimi nadhani tatizo ni hesabu zaidi kuliko dharau.

Kwanza, ofisi moja ya taifa zima haipo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii, aliyoitia saini Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1935, iliacha kila jimbo liendeshe mfuko wake. Leo mifuko hiyo ni 53: majimbo 50, Washington D.C., Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Kila mfuko una jina lake, namba zake za simu na viwango vyake. Unayepaswa kumpigia ni jimbo ulikofanya kazi, si unakolala. Aliyekuwa akivuka daraja kila alfajiri kutoka Kentucky kwenda kibaruani Cincinnati, madai yake yako Ohio. Kuna watu huhangaika siku nzima na namba ya jimbo lisilowahusu.

Sasa njoo kwenye fedha, maana kiini kiko hapo. Mafao yenyewe hutokana na kodi wanayolipa waajiri. Ni Alaska, New Jersey na Pennsylvania tu ambako mfanyakazi naye hukatwa. Lakini mishahara ya wanaopokea simu hutegemea zaidi fungu la serikali kuu, na fungu hilo hugawiwa kwa kuangalia wingi wa kazi. Uchumi ukinawiri, madai hupungua, fungu hupungua, na wahudumu hupunguzwa. Uchumi ukianguka, wapigaji hufurika wiki hiyohiyo, ilhali mhudumu mpya hawezi kuzijua sheria za mafao kwa wiki moja. Ni kama kuuza mtumbwi kila kiangazi, halafu masika ukaanza kuchonga mwingine. Kodi ya serikali kuu inayogharimia shughuli hiyo hutozwa kwenye dola 7,000 za kwanza tu za mshahara wa mwaka wa kila mfanyakazi, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1983.

Mwaka 2020 ulianika yote hayo. Kabla ya hapo, rekodi ya madai mapya kwa wiki moja ilikuwa 695,000, ya mwaka 1982. Wiki iliyoishia 21 Machi 2020 yalipita milioni 3. Iliyofuata yakapita milioni 6. Gavana wa New Jersey wakati huo, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba mafundi wa kujitolea wanaoijua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa 1959, kwa sababu mitambo ya jimbo lake ilikuwa bado inaitegemea.

Mafuriko yale yamepita, lakini simu bado ni ngumu. Madai mepesi humalizikia kwenye tovuti au kwa mashine, kwa hiyo yanayofika kwa binadamu ni yale yaliyokwama: mwajiri anasema uliacha kazi mwenyewe, wewe unasema ulifukuzwa, mshahara wa miezi mitatu hauonekani, majina hayalingani. Shauri la aina hiyo halimalizwi kwa dakika mbili. Na kila anayekatiwa hupiga tena, mara kumi, mara hamsini, hivyo mtu mmoja anaihesabikia mitambo kama umati.

La majina linawauma sana watu wetu. Wakati wa korona wezi walijichotea mno: Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, mkaguzi wa Congress, ilikadiria udanganyifu kuwa kati ya dola bilioni 100 na 135. Majimbo yakakaza uhakiki wa utambulisho. Sasa mfikirie Mkongomani aliyetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliyeandikiwa kuzaliwa 1 Januari kama majirani zake nusu kwa kukosa cheti, na ambaye jina la babu limekaa mwisho kwenye hati moja na katikati kwenye nyingine. Mashine ikiona hivyo inasimamisha, na kinachobaki ni simu.

Wakati unahangaika kuipata laini, endelea kuthibitisha madai yako, yaani kuiarifu ofisi kwamba bado unayastahili, kila wiki, au kila wiki mbili kwa majimbo mengine, hata kama hujalipwa senti. Wengi hunyamaza wakingoja jibu, na wiki walizonyamaza huweza kupotea. Ofisi ya mbunge wa jimbo lako nayo ina wasaidizi ambao kazi yao mojawapo ni kufuatilia mashauri yaliyokwama. Huhitaji kujuana na mtu. Na namba usiyoijua ikiita, pokea. Huenda ni mahojiano, na ukiyakosa uamuzi hutolewa kwa maelezo yaliyopo, aghalabu ya mwajiri. Ila anayetaka umlipe ada ili mafao yatoke ni tapeli, mkatie.

Ukimpata binadamu na Kiingereza kikawa kizito, sema “Swahili” tu, usubiri. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi hilo limechukuliwa kumlinda pia asiyekijua Kiingereza; kwa kawaida mkalimani huunganishwa kwenye laini hiyohiyo bila malipo. Mtoto wa darasa la tano asibakizwe nyumbani ili aeleze kwa nini baba alifukuzwa kazi.