Kitufe cha kurudi nyumbani hakioni ghorofa

"Mwalimu, hii ikinishinda nabonyeza tu, inajirudisha." Maneno hayo nayasikia kwa karibu kila anayeniletea droni yake ya kwanza. Wiki hii nimeyasikia tena, kwa kijana aliyekuwa tayari kurushia juu ya paa la ghorofa Kilimani, Nairobi. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Kazi ya kitufe kile cha kurudi nyumbani ni ndogo. Droni ikishapata setilaiti za kutosha, huweka alama ya mahali ilipo, na hapo ndipo "nyumbani". Ukibonyeza ikiwa mbali, hupanda hadi kimo kilichowekwa kwenye programu, huja kwa mstari ulionyooka hadi kwenye alama, kisha hushuka. Basi. Kama kuna mnara wa simu au kreni kwenye mstari huo, shauri yako.

Kimo ndicho kinachoniudhi zaidi, maana hakuna anayekiangalia. Hupimwa kuanzia pale uliporushia, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Mita 30 ni kama orofa kumi, na Kilimani na Kileleshwa majengo yanayopita hapo yamekuzunguka. Nenda Ngong urushie bondeni, mita 30 zako zitaishia ubavuni mwa kilima. Kabla ya kila safari tafuta kitu kirefu kuliko vyote hapo ulipo, ongeza akiba, ndipo uweke kimo. Kila safari, si siku ya kununua pekee.

Halafu kuna haraka. Mtu anawasha, taa hazijatulia, ameshainua. Setilaiti zikipatikana droni ikiwa tayari hewani, alama huwekwa pale ilipo wakati huo, na huenda ni juu ya paa la jirani au katikati ya bwawa. Subiri programu iseme nyumbani pamewekwa, kisha hakikisha kwenye ramani kwamba ni hapo uliposimama.

Paa la ghorofa nalo lina vyuma ndani ya zege, na vyuma huvuruga dira ya droni. Droni huanza kuzunguka duara linalozidi kupanuka, unasukuma kijiti huku, yenyewe inaelekea kule. Ukibonyeza kitufe saa hiyo, unaiachia ijiongoze ikiwa imeshapoteza mwelekeo. Rushia kwenye nyasi au udongo, mbali na magari na mabati.

Upepo wa juu si huu unaousikia usoni. Droni nyingi ndogo huhimili kama mita 10 kwa sekunde. Ukikaribia hapo, kurudi dhidi yake ni kujikokota huku betri inaisha. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, propela huzunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule, kwa hivyo usizitegemee dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Anza kwenda kule upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi ukusukume. Betri ikifika kiwango cha hatari, droni nyingi hutua papo hapo zilipo, iwe Thika Road au uani kwa mtu.

"Lakini yangu ina sensa za kuona vizuizi." Sensa za kamera hukosa waya mwembamba wa stima, na giza likianza kuingia hazioni kitu.

Kitakachokuokoa ni vidole. Tafuta droni ndogo ya bei nafuu isiyo na GPS na ukumbi mtupu. Iinue hadi usawa wa kifua, uigeuze pua ikutazame. Sasa ukisukuma kijiti kulia, inakwenda kushoto kwako. Hapo ndipo wengi huganda. Isogeze hatua mbili huku, hatua mbili kule, hadi vidole viache kuuliza kichwa. Kisha ipeleke ichore namba nane hewani. Vitabu husema anza na mkia upande wako mpaka uzoee. Sina hakika. Waliokaa sana hapo nimewaona wakiiogopa pua miezi mingi baadaye, na baadhi ya niliowapa pua siku ya kwanza walikata tamaa. Mpaka leo nampima kila mtu kivyake.

Sheria kwa ufupi: sajili droni kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla ya kurusha. Kanuni za 2020 zinaweka kikomo cha futi 400, na bila idhini hurushi ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege. Chora duara hilo kuzunguka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, kisha ukumbuke uwanja wa Wilson na kambi ya jeshi la anga Eastleigh, uone mtaa wako umeangukia wapi. Msamaha wa kutosajili droni za chini ya gramu 250 mnaouona YouTube ni wa Marekani.

Kitufe nami nakitegemea, hasa mawasiliano na rimoti yakikatika, kwani droni hujirudisha yenyewe. Ndiyo maana siku ya kwanza ya nje kila mwanafunzi wangu hukibonyeza makusudi, uwanja ukiwa mtupu na droni mita 60 mbele yetu, aone inavyopanda kabla ya kuja. Ikiwa njiani namwambia asitishe, achukue vijiti na kuileta mwenyewe. Kama hujui kwenye rimoti yako unasitishia wapi, tafuta leo kabla hujachaji betri.