Meli za Malindi na maneno ya ukutani: yepi kweli, yepi porojo

Mie nikipata nafasi baada ya alasiri nakaa ukutani pale Mizingani, Unguja, karibu na bandari ya Malindi, na kahawa yangu na kashata, naangalia meli. Sifanyi kitu chengine, kichwa kinapoa tu. Tatizo ni wenzangu wa ukutani, kila mmoja baharia, kila mmoja ana maelezo, na nusu ya maelezo yenyewe si kweli. Nimechoka kubishana kwa mdomo, acha niandike.

Kubwa kuliko yote ni la bendera. Mtu akiona bendera ya Panama kule tezi, nyuma ya meli, basi keshamaliza, meli ya Wapanama hiyo. Siyo yakhe. Bendera inakwambia meli imesajiliwa wapi, basi, mwenyewe anaweza kuwa mtu wa upande mwengine kabisa wa dunia kachagua kusajili huko kwa sababu ya kodi na masharti mepesi. Mnaikumbuka Ever Given, ile iliyokwama Suez Machi 2021? Bendera Panama, wenyewe Wajapani, kampuni inayoiendesha ya Taiwan, mabaharia Wahindi, na ubavuni imeandikwa EVERGREEN maherufi makubwa mpaka leo watu wanaiita hivyo, wakati hilo jina la kampuni, jina la meli unalitafuta omo, yaani mbele, na tezi. Na sie wenyewe tumo kwenye mchezo huu, Zanzibar ina daftari lake la kusajili meli za kimataifa, kwa hivyo zipo meli zinazunguka bahari za mbali zimeandikwa ZANZIBAR tezi na hazijapata kuuona Mji Mkongwe hata kwa darubini. 2012 ndo yakazuka yale ya meli za mafuta za Iran kukutwa na bendera ya Tanzania kupitia daftari hilohilo, zikafutwa.

Kwa hivyo jina na bendera vyote vinabadilika kama kanga. Kisichobadilika ni namba ya IMO, lile shirika la bahari la kimataifa, tarakimu 7, imeandikwa kwenye mwili wa meli, inakaa nayo mpaka siku inakatwa chuma chakavu. Na ina kimchezo kizuri, chukua tarakimu 6 za mwanzo, ya kwanza zidisha kwa 7, ya pili kwa 6, teremka hivyohivyo mpaka 2, jumlisha, tarakimu ya mwisho ya jibu lazima iwe sawa na ile ya 7. Ever Given ni 9811000: 63 na 48 na 5 na 4 inakuja 120, mwisho sifuri, na ya saba sifuri. Ukiwa na watoto ukutani hesabu hii itawanyamazisha robo saa nzima.

Haya, rangi nyekundu chini. "Meli imeoza kutu ile, itazama." Hapana, ile rangi ya makusudi, ina sumu ya shaba ndani yake ili chaza na majani ya bahari wasishike, kama wavuvi wetu wanavyopaka ngalawa na kuzichoma chini. Ukiiona nyingi maana yake meli imeshusha shehena, imekuwa nyepesi, imepanda. Na hapo ndo utaiona na ile pua nene kama kiazi mbele, chini ya omo, ambayo kuna bwana mmoja alinishikia kuwa ni pigo la kugonga mwamba. Ile imeundwa vile, inazalisha wimbi lake la kuliua wimbi la omo, mafuta yanapungua.

Sasa la nanga, hili nalipenda zaidi. Watu wanadhani nanga ndo inaizuia meli kwa uzito wake. Nanga ya tani chache itaizuiaje meli ya maelfu ya tani? Kazi kubwa ya mnyororo. Wanauachia mrefu, mara kadhaa ya kina cha maji, unalala chini kwenye mchanga, ndo unafanya nanga ivutwe kwa ubavu badala ya kuvutwa juu, kucha zake zinazidi kuchimba. Na kwa kuwa imefungwa omo tu, meli inabaki inazunguka na mkondo na upepo kama mbuzi kwenye kamba. Nikiwa mdogo nilikuwa naona asubuhi meli zote zimeangalia huku, jioni zote zimeangalia kule, nikaamini manahodha wanazigeuza, tena kaka yangu akaniapia kuwa zinaelekezwa kibla! Kumbe maji tu. Kwetu siku za bamvua, yale maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo una nguvu, maji yakipwa meli inaelekea kwengine. Kaa muda wa saa 6 utaona mwenyewe.

Honi ya boti ya Dar ikiondoka si kwaheri kwa waliosindikiza, samahani. Mlio mmoja mrefu ni onyo kuwa chombo kinatoka gatini. Mmoja mfupi nageuka kulia, miwili kushoto, mitatu narudisha injini nyuma, mitano mifupi au zaidi sikuelewi unafanya nini, na huo wa mwisho mara nyingi anaambiwa mtu wa ngalawa anayekatisha mbele akidhani meli ina breki.

Na wale wanaosema nahodha mgeni anaingiza meli gatini peke yake, tazameni ile boti ndogo inayoikimbilia nje. Anapelekwa rubani, mjuzi wa maji ya hapa, ndo anayemwongoza nahodha kuingia. Sie leo tukisikia rubani tunafikiria ndege, lakini neno lilikuwa la bahari kabla ndege hazijazaliwa.

Darubini ya bei wala huhitaji, programu ya simu inakuonesha jina la meli na inakotoka, kwa sababu meli za safari za kimataifa kuanzia tani 300 lazima zirushe habari zao hewani. Ila mie kwanza nakisia, halafu ndo nafungua simu. Juzi nimekisia mara nne nikakosea zote, na kahawa ikapoa.